Bonde la Burragorang na swali la Bibi



Pasaka iliyopita jumuiya yetu ya hapa Campbelltown iliamua, baada ya mabishano ya vikao viwili, kwamba safari hii hatukodi ukumbi. Twende tukapige kambi kando ya ziwa kama wafanyavyo majirani zetu. Vijana ndio walioshinda, na mahali walikuwa wameshapachagua: Burrinjuck, hifadhi ya jimbo iliyo kando ya bwawa la Mto Murrumbidgee, mwendo wa kama saa tatu ukishika barabara ya Hume kuelekea kusini. Familia mbili zilikodi karavani (kwa wale waliofika karibuni: ni kijumba cha magurudumu kinachovutwa nyuma ya gari, ndani mna vitanda, jiko la gesi na sinki dogo). Sisi wengine tuliazima mahema. Orodha ikaandikwa: mkaa, unga, mbuzi nusu, sanduku la barafu, blanketi, dawa ya mbu.

Likabaki jambo moja, kumwambia Bibi. Bibi ni mtu wa Kivu Kusini, na kabla ya kuletwa Australia aliishi miaka kumi na moja katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Alitusikiliza mpaka tukamaliza, kisha akasema: "Kambi? Mtoto wangu, mimi nimetoka kambini. Mnanirudisha kwa kosa gani?"

Tulicheka, naye akacheka kidogo, lakini hakuwa anafanya mzaha. Nilipofika nyumbani nilianza kulifikiria neno hilo. Babu zetu wa misafara, wale waliobeba pembe na vitambaa kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji katika karne ya 19, waliita kambi pale mahali pa kutua mizigo jioni, kuwasha moto na kuzungushia boma la miiba. Asubuhi waliondoka. Na hata hili neno karavani asili yake ni Uajemi, ambako lilikuwa na maana ya kundi la wasafiri wa jangwani. Waingereza walilichukua, wakaiita misafara yetu kwa jina hilohilo, na baadaye wakakipa jina hilo kijumba cha magurudumu. Siku hizi mpagazi ni Toyota. Lakini kwa watu wa kizazi cha Bibi kambi ni kitu kingine kabisa: turubai la UNHCR, kadi ya mgao, foleni ya maji, na amri ya kutovuka kilomita nne bila kibali. Huko watu hawaondoki asubuhi. Wanazaa huko, wanazika huko.

Basi nikamwomba jambo jepesi zaidi. Nikamwambia, Bibi, kabla hujakataa, Jumamosi nitakupeleka uone ziwa lililo karibu nasi zaidi. Hatulali, tunakula chakula cha mchana na kurudi. Akakubali.

Ziwa hilo linaitwa Burragorang. Kutoka Campbelltown unapita Camden, unapita The Oaks, unaendelea magharibi mpaka Nattai, na kabla saa haijatimia barabara inaishia ukingoni mwa genge. Hapo kuna meza, majiko ya kuchomea nyama na uzio. Chini kabisa, katikati ya kuta za mawe ya mchanga, maji yamelala, yamejikunja kufuata mabonde mpaka macho yanachoka. Hakuna boti hata moja. Hakuna hema, hakuna moshi, hakuna mtu anayevua. Jioni geti linafungwa na kila mtu anakwenda kwake.

Bibi alishika uzio akatazama kwa muda mrefu. Halafu akauliza kwa Kiswahili chake cha kwao: "Na batu ya hapa balienda wapi?"

Nikamwuliza amejuaje kuwa palikuwa na watu. Akaniambia bonde lenye mto na udongo mzuri namna ile haliwezi kukosa watu. Nilikuwa nimeishi hapa miaka mingi, nimeshawaleta wageni wasiopungua kumi wapige picha pale, na sikuwa na jibu. Haya ninayoandika ni yale niliyokwenda kuyasoma baada ya siku hiyo.

Watu wa kwanza wa bonde ni Wagundungurra. Masimulizi yao kuhusu mahali hapa yaliandikwa na mpima ardhi mmoja, R. H. Mathews, na kuchapishwa mwaka 1908. Katika masimulizi hayo Gurangatch, kiumbe mkubwa aliye nusu samaki nusu mjusi, anawindwa na Mirragan, mnyama mwindaji mwenye madoadoa. Gurangatch anakimbia akipasua ardhi, na njia alizochimba ndizo mito ya Wollondilly na Coxs. Kila kidimbwi alichopumzika kina jina. Kwa hiyo Mgundungurra akishuka bondeni alikuwa kama anasoma kitabu: hapa alijificha, hapa walipigana, hapa alitoroka. Sehemu kubwa ya kitabu hicho sasa iko chini ya maji.

Wasomaji wa kutoka Uganda hawatashangaa. Maporomoko ya Bujagali, karibu na Jinja, yalikuwa makao ya roho inayoheshimiwa na Wasoga, na wakati huohuo yalikuwa mahali pa watalii kupiga kambi na kushuka mto kwa maboti ya mpira. Bwawa la umeme la megawati 250 lilizinduliwa pale mwaka 2012. Maporomoko hayapo tena, na kambi ya watalii ya zamani sasa inatazama maji yaliyotulia.

Wazungu walianza kuingia Burragorang katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Walilima mahindi, walifuga ng'ombe, wakajenga makanisa na shule. Mwishoni mwa karne hiyo fedha ilipatikana Yerranderie, upande wa pili wa bonde, na mji mzima ukaota huko. Baadaye yakaja makaa ya mawe. Makaa yalipandishwa kwa malori hadi Camden, yakapakiwa kwenye behewa na kuletwa hapa kwetu Campbelltown, maana palikuwa na reli ndogo kati ya miji hii miwili, iliyofunguliwa mwaka 1882. Treni yake wenyeji waliibandika jina la Pansy. Ilikuwa na mlima mkali wa kupanda, na wazee husimulia jinsi ilivyohema. Ilisimama tarehe 1 Januari 1963.

Ninaitaja treni hiyo kwa sababu haikubeba makaa tu. Katika miaka ya 1920 na 1930, mtu wa Sydney aliyetaka kupumzika mbali na moshi wa jiji aliweza kupanda treni hadi Campbelltown, akabadili hadi Camden, kisha akachukua gari kushuka Burragorang. Bondeni palikuwa na nyumba za wageni zenye farasi wa kukodi, mito ya kuogelea na dansi usiku. Wasiokuwa na fedha za nyumba ya wageni walikwenda kwa miguu na mzigo mgongoni. Mashuhuri wao ni Myles Dunphy, ambaye mwaka 1914 alianzisha na wenzake chama cha watembeaji wa milimani, akachora ramani za nyika hii kwa mkono wake. Mwaka 1931 yeye na mkewe walimchukua mtoto wao mchanga katika kigari cha kusukuma, wakaingia naye kwenye njia za Kanangra. Mama zetu wangemcheka. Mtoto kigarini, mlimani, na kanga zipo! Lakini Dunphy ndiye aliyetetea kwa miongo mingi kwamba milima hii iwekwe hifadhi, na Hifadhi ya Taifa ya Blue Mountains ilitangazwa mwaka 1959.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, bonde lile chini ya uzio ndilo lililokuwa kambi ya Sydney. Na sisi wa Campbelltown tuko kwenye mlango wake.

Kilichoufunga mlango huo ni kiu. Ukame uliodumu kuanzia 1934 hadi 1942 ulilitisha jiji. Mwaka 1940 lilijengwa bwawa dogo la dharura kwenye Mto Warragamba, na mwaka 1948 kazi ya bwawa kubwa ikaanza. Ukuta ulipanda hadi mita 142, na urefu wake ni mita 351. Wafanyakazi walijengewa mji wao, ambao hadi leo unaitwa Warragamba, na wengi wao walikuwa wahamiaji waliotoka Ulaya baada ya vita. Nao waliacha kwao ili wajenge ukuta utakaowahamisha wengine. Sijui kama kuna aliyewaeleza. Ukuta ulizinduliwa Oktoba 1960. Ziwa lililojikusanya nyuma yake lina urefu wa kama kilomita 52 na likijaa linabeba lita trilioni mbili hivi. Bwawa hili ndilo linaloweza kutoa takriban asilimia 80 ya maji ya Sydney.

Sasa tazameni tarehe. Mwaka 1944 jimbo la New South Wales lilipitisha sheria ya kumpa kila mfanyakazi wiki mbili za likizo yenye malipo. Novemba 1948 ilizinduliwa Holden, gari la kwanza la Australia kutengenezwa kwa wingi kwa ajili ya mtu wa kawaida. Februari 1950 mgao wa petroli, ulioanza wakati wa vita mwaka 1940, ukaondolewa. Yaani ni katika miaka hiyohiyo ambapo fundi na karani wa Sydney walipata siku za mapumziko, gari la kuvuta karavani na petroli ya kulitia, ndipo bonde lao la karibu lilipokuwa likivunjwa. Serikali ilitwaa mashamba. Nyumba zilibomolewa. Miti ilikatwa na kuchomwa ili isije ikaoza majini na kuharibu maji. Wenye mashamba waliondoka mmoja mmoja, na wale waliobaki mwisho waliishi miaka kadhaa katikati ya visiki na moshi. Yerranderie ilikatiwa barabara yake, ikabaki na majengo matupu.

Wakulima, walau, walikuwa na hati na walilipwa kitu. Wagundungurra hawakuwa na hati. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, kadiri ardhi ya bondeni ilivyozidi kumilikiwa na wengine, familia nyingi zilikuwa zimepanda milimani hadi Katoomba, wakajenga vibanda katika bonde dogo la kando ya mji linaloitwa The Gully. Waliishi pale vizazi kadhaa pamoja na Wadarug na Wazungu maskini. Mwaka 1957, wakati maji bado hayajajaa Burragorang, matingatinga yaliingia The Gully na wakazi wakafukuzwa. Safari hii haikuwa kwa ajili ya maji ya kunywa wala umeme. Ulijengwa uwanja wa mashindano ya magari. Mwaka 2002 The Gully ilitangazwa rasmi kuwa mahali penye umuhimu kwa Waaborijini, na njia ya lami ya yale mashindano bado ipo, imezungukwa na majani.

Niliposoma hayo niliweka kitabu chini. Wengi kati yetu tunajua maana ya kuhamishwa mara ya pili, pale ulipokuwa umeshaanza kuamini kwamba hapa nimefika. Wako waliokimbia Burundi mwaka 1972, wakarudi, wakakimbia tena mwaka 1993. Sikuhitaji kufafanuliwa.

Mtu anaweza kuuliza: basi kwa nini Burrinjuck tunaruhusiwa kupiga kambi na Burragorang haturuhusiwi, na yote mawili ni mabwawa? Tofauti ni matumizi ya maji. Burrinjuck ilianza kujengwa mwaka 1907 ili kumwagilia mashamba ya mbali katika nyanda za Murrumbidgee. Maji ya shambani hayaharibiwi na boti wala na watoto wanaoogelea, kwa hiyo mabwawa ya namna hiyo, Burrinjuck, Wyangala, Keepit, yaligeuzwa viwanja vya likizo, na wenye karavani wakayakimbilia. Burragorang ni maji ya kunywa ya mamilioni. Ni marufuku kuingia umbali wa kilomita tatu kutoka kwenye maji yake, isipokuwa katika njia chache za watembea kwa miguu, na faini ni kubwa. Mwaka 1998 vijidudu viliporipotiwa kwenye mabomba, Sydney nzima iliambiwa ichemshe maji ya kunywa kwa wiki kadhaa. Sisi tuliokulia kwenye sufuria ya maji ya kuchemsha tunaweza kutabasamu, lakini hapa ilikuwa kashfa kubwa, na mwaka uliofuata iliundwa mamlaka maalumu ya kulinda vyanzo vya maji.

Nakubali marufuku hiyo ina sababu. Kinachouma ni kwamba inawahusu hata Wagundungurra wenyewe, wanaotaka kufika kwenye maeneo ya mababu yaliyobaki juu ya maji. Nayo maeneo hayo yaliponea chupuchupu. Mwaka 2016 serikali ya jimbo ilitangaza mpango wa kuinua ukuta wa Warragamba kwa kama mita 14, ili kuzuia mafuriko ya bonde la Hawkesbury na Nepean. Mafuriko hayo si hadithi. Mwaka 2021 na 2022 watu wa Windsor na Richmond waliyaona kwa macho yao. Lakini ukuta mrefu zaidi ungemaanisha kwamba mvua kubwa ikinyesha maji yatapanda tena juu ya mapango yenye michoro na makaburi ambayo mwaka 1960 yalisalimika. Wazee wa Kigundungurra walipinga kwa nguvu, wanamazingira wakawaunga mkono, na mwaka 2023 serikali mpya iliuacha mpango huo. Mimi nilifurahi. Lakini naandika nikiwa Campbelltown, juu ya kilima, ambako mto haujaingia sebuleni kwangu.

Tena tusijidanganye kwamba habari hii ni ya watu wa mbali. Maji ya bomba ya hapa Campbelltown kwa kawaida hayatoki Warragamba, yanatoka mabwawa ya Upper Nepean, na la kwanza kati ya hayo, Cataract, lilikamilika mwaka 1907. Ni katika magenge ya mto huohuo wa Cataract, karibu na Appin, ambapo askari waliotumwa na Gavana Macquarie waliwaua Wadharawal wasiopungua 14 usiku wa Aprili 17, 1816, wengine kwa risasi na wengine kwa kuporomoka gengeni wakikimbia. Miaka minne baadaye gavana huyohuyo aliuanzisha mji wetu na kuupa jina la ukoo wa mkewe, Campbell.

Nilimrudia Bibi na karatasi zangu. Nilimweleza yote jikoni kwake, kuanzia Gurangatch hadi matingatinga ya Katoomba, naye alikuwa akichambua sombe bila kuinua kichwa. Nilipofika kwenye zile kilomita tatu alinisimamisha. "Kule Nyarugusu walitukataza kutoka," alisema. "Hawa wamekatazwa kuingia." Akaendelea na majani yake. Kisha akauliza kama wale wa Katoomba wana watoto, na watoto wako wapi. Nikamwambia wapo, wengi wako hukohuko milimani, na wengine huenda tunapishana nao sokoni Campbelltown. Akaitikia kwa kichwa.

Siku ya Ijumaa Kuu alitukuta tunapakia, amevaa koti zito na ana mfuko wake mkononi. Hema hakutaka hata kuliona. "Ile yenye mlango," alisema, akionyesha karavani, na vijana wakamwachia kitanda kikubwa bila mjadala.

Burrinjuck ilikuwa na baridi na kangaruu wengi kuliko watu. Tulichoma nyama, tulikoroga ugali kwenye jiko la gesi lililozimwa na upepo mara nne, na watoto walikesha. Bibi alikaa kwenye kiti karibu na maji hadi giza lilipoingia. Usiku wa manane, nikiwa hemani, nilisikia mlango wa karavani ukifungwa kwa ndani. Ukafunguliwa. Ukafungwa tena.

Asubuhi nikamwuliza alikuwa anatafuta nini. Akasema hakuwa anatafuta kitu, alikuwa anajaribu ufunguo.